Sura ya Sita: Pesa Yenye Kufuli

Mwalimu aliyeajiriwa akiwa na miaka 30 na kustaafu akiwa na 60 anaweza kupiga hesabu ya uzee wake mwenyewe, kwa chaki, bila kumlipa mtu. Achukue miezi aliyofanya kazi, ambayo ni 360. Aigawanye kwa 480. Kisha azidishe kwa mshahara wake wa msingi wa mwaka mzima wa mwisho. Tuseme alikuwa anapata shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka: pensheni yake ni 540,000 kwa mwaka. Sheria inamruhusu kuibadilisha robo ya pensheni hiyo iwe malipo ya mkupuo, na robo hiyo, 135,000, huzidishwa mara 20. Basi siku moja simu yake inapokea ujumbe wa benki kwamba ana shilingi 2,700,000, na tangu hapo anaingiziwa 33,750 kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake.

Hiyo ni hesabu ya mfumo wa zamani, ambao bado unawahusu watumishi waliokuwa wameshafika miaka 45 tarehe 1 Januari 2021 na hawakuchagua kuhama. Kwa kuwa umri wa kustaafu ni 60 (ulikuwa 55 hadi mwaka 2009), wa mwisho wao watatoka kazini mwanzoni mwa 2036, ukiwaacha wenye ulemavu ambao huendelea hadi 65.

Katika wadi ya Waberi, mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la mji wa Garissa, namba hizo mbili hazina umaarufu sawa. Milioni mbili na laki saba inajulikana kabla haijafika. Hiyo 33,750 haimvutii mtu, wala mwenyewe haifikirii sana, ingawa ndiyo itakayonunua unga, sukari na dawa ya presha kwa miaka 20 ijayo. Tena hesabu ya pensheni huanzia kwenye mshahara wa msingi peke yake. Marupurupu ya nyumba hayamo. Marupurupu ya mazingira magumu, ambayo mtumishi wa Garissa amelipwa miaka yote kwa sababu ya joto, umbali na mengineyo, hayamo pia. Mazingira yanabaki magumu vilevile. Malipo yake ndiyo yanayokoma. Mwalimu aliyezoea kuona zaidi ya 80,000 katika karatasi ya mshahara, marupurupu yakiwamo, anashtuka kuona 33,750, halafu anajituliza kwa kuitazama ile milioni.

Hapo ndipo mpwa anapoketi mkekani, anakunywa chai ya maziwa taratibu, anauliza afya ya watu wote wa nyumbani mmoja mmoja, kisha anasema: "Adeer, nimesikia mambo yako yamekamilika. Alhamdulillahi. Nina jambo dogo tu nataka tuongee."

Jambo dogo ni karo ya chuo. Au ni gari la kuanzishia biashara ya Dadaab, au mahari, au mgonjwa aliyelazwa Nairobi. Mara nyingi ni jambo la kweli. Vitabu vingi vya fedha humchora ndugu mwombaji kama kupe, na mimi sikubaliani navyo. Mwalimu huyu alisomeshwa na nani? Ukimwuliza, atakutajia ami yake aliyeuza ng'ombe, na qaraan, mchango wa ukoo, iliyokusanywa baba yake alipofilisika na ukame. Kwa miaka 40 amekula katika chungu hicho, na kwa miaka 30 ametia ndani yake. Washauri wa fedha wanaotoka Nairobi na kompyuta zao hupenda kuwaambia wastaafu wajifunze kukataa. Garissa ushauri huo haumsaidii mtu. Anayekataa huhifadhi pesa na kuwapoteza watu watakaombeba jeneza lake.

Lipo jibu moja, hata hivyo, ambalo ndugu mwenye shida hawezi kulichukia: pesa imefungwa. Haipo kwangu. Iko kwenye mfuko, na sheria haikubali niitoe. Anayejibu hivyo hajamkataa mtu. Serikali ndiyo iliyokataa, na serikali huku imezoea kulaumiwa.

Kwa mtazamo wangu huo ndio mchango mkubwa wa mipango ya kitaalamu ya kustaafu katika mji kama huu, mkubwa kuliko faida yoyote ya asilimia. Mshauri mzuri wa fedha humsaidia mtu kuamua kiasi gani kifungwe, kiasi gani kiachwe wazi, na kufuli gani ifunguke lini. Kisha anakuwa mgeni asiye na ukoo, ambaye mzee anaweza kumsingizia: "Mshauri wangu amekataa."

Mfumo mpya wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021 umejengwa juu ya kufuli hiyo. Mfanyakazi alianza kwa kuchangia asilimia 2 ya mshahara wa msingi mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, na 7.5 kuanzia wa tatu. Serikali huongeza asilimia 15. Mtu wa mshahara wa 40,000 hukatwa 3,000, anaongezewa 6,000, na 9,000 inaingia kwenye akaunti yenye jina lake kila mwezi. Akistaafu, anaruhusiwa kuchukua theluthi moja tu kwa mkupuo. Theluthi mbili lazima zigeuzwe kuwa kipato cha kila mwezi. Nimewasikia polisi na walimu vijana wakilalamika kwamba serikali imewanyima pesa zao. Wana haki ya kulalamika kuhusu mengi, lakini hiyo theluthi ni ulinzi ambao wazee wao hawakuupata.

Kufuli ikizidi nayo huua. Mtu aliyefunga kila kitu kisha akaugua mwezi wa tatu baada ya kustaafu atakopa kwa wenye maduka, au atauza mbuzi wakati ambao bei imelala. Kwa hiyo mshauri anayejua kazi haanzi na bidhaa yoyote. Anaanza kwa maswali yanayokaribia utovu wa adabu. Una wake wangapi, na mdogo ana umri gani? Mtoto wa mwisho yuko darasa la ngapi? Unadaiwa dukani? Una mkopo wa SACCO, na umewadhamini nani? Swali la udhamini husahaulika sana. Watu wameweka saini za kuwadhamini wenzao watano, sita, kwa mikopo mikubwa, na siku ya kutoka kwenye SACCO wanaambiwa akiba yao imezuiwa mpaka wenzao wapate wadhamini wengine. Mtu wa miaka 60 anaanza kuwatafuta wenzake waliohamishiwa Mandera na Lodwar. Mwaka mmoja kabla ya kustaafu, jambo hilo lingemalizwa kwa barua chache.

Halafu anauliza kuhusu hija. Mstaafu wa Waberi ambaye hajahiji, hija ndiyo mstari wa kwanza wa matumizi yake. Mshauri anayeiweka chini ya "anasa na safari" ameshamaliza mazungumzo bila kujua. Aiandike juu kabisa, aitengee pesa, aendelee. Zaka vilevile ni gharama ya kila mwaka. Pesa iliyofika nisabu na kukaa mwaka mzima wa Kiislamu hutolewa asilimia 2.5; milioni 2.7 ikikaa bila kuguswa, hiyo ni shilingi 67,500. Mpango ambao hauna mstari huo umeandikiwa mtu mwingine.

Kuhusu ndugu, suluhisho nililoliona likifanya kazi ni la kawaida sana. Sehemu ya ule mkupuo, tuseme laki tatu, inawekwa kwenye akaunti yake ya peke yake na kuitwa ya watu. Wazee wa familia wanaambiwa ipo. Karo ya mpwa inatoka humo, na mgonjwa wa Nairobi humo, na ikikwisha, imekwisha mpaka mwaka ujao. Mzee anabaki mtoaji mbele ya watu wake, na unga wa nyumbani hauguswi.

*

Mtu wa mjini huwacheka wastaafu wanaokimbilia soko la mifugo. Garissa ina mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, na siku ya soko utawaona walioshika chaki na faili miaka 30 wakipapasa nundu za ng'ombe kama waliozaliwa malishoni. Hawafanyi upumbavu. Ng'ombe jike huzaa, hutoa maziwa, huuzwa siku yoyote kwa pesa taslimu, na hamna riba ndani yake. Kwa mvua nzuri, faida yake inazishinda hati fungani. Tena ni mali inayoonekana, ambayo mwanamume akipita nayo anaamkiwa vizuri.

Tatizo ni kwamba mvua ni moja. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na hadi ukame huo ulipokatika mwaka 2023 Kenya ilikuwa imepoteza zaidi ya mifugo milioni mbili, wengi wao wa kaunti za kaskazini na mashariki. Mstaafu aliyeweka vyote kwenye ng'ombe alipoteza mtaji na mapato kwa pamoja. Ndugu zake ambao wangemsaidia walikuwa wamefukarishwa na ukame uleule. Hata aliyejenga vyumba vya kupangisha hakusalimika kama alivyodhani, kwa sababu mpangaji wake ni mwenye duka, na mteja wa mwenye duka ni mfugaji. Kisha mvua ilipokuja mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, Mto Tana ulifurika ukafunika mashamba na nyumba za kingoni. Mapato ambayo hayakutikisika katika miaka hiyo yote ni yale yanayotoka Hazina ya Taifa au kwenye mfuko wa pensheni, kwa kuwa hayategemei wingu la Garissa. Sababu hiyo peke yake inatosha kumshawishi mfugaji awe na pensheni, na nashangaa kwamba wanaouza pensheni hawaisemi.

Anayetaka kubaki na mifugo, na wengi watataka, ana chombo ambacho baba yake hakuwa nacho. Mwaka 2010 taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, ilianzisha Marsabit bima inayotazama majani badala ya mizoga. Satelaiti hupima ukijani wa malisho katika eneo. Ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kila aliyekatiwa bima katika eneo hilo analipwa bila kuhesabu wanyama waliokufa. Mwaka 2013 ilifika Wajir kupitia Takaful Insurance of Africa, kwa utaratibu wa kisharia wa kuchangiana hatari, na mwaka 2014 wafugaji wa huko wakapata malipo ya kwanza. Serikali ikaanzisha mpango wake mwaka 2015, ukianzia Wajir na Turkana kabla ya kuenea. Mkenya aliyeongoza kazi hiyo, Andrew Mude, alipewa tuzo ya Norman Borlaug mwaka 2016. Bima hii ina kasoro yake: satelaiti inaweza kuona vichaka vya kijani ambavyo ng'ombe hawali, na mwenye mzoga mkononi akaambiwa eneo lake halikufikia kiwango. Mshauri mwaminifu atasema hivyo wazi. Atasema pia kwamba malipo yakija mapema, mnyama bado yuko hai na majani ya kununua yanaweza kumwokoa, na kwamba kundi linapaswa kupunguzwa dalili za kwanza za ukame zinapoonekana, bei ingali bei.

Vipi kuhusu ploti? Nitapita haraka. Ploti nyingi za mji zina barua ya ugawaji tu, bila hatimiliki, na barua mbili kwa ploti moja si kisa kigeni. Pesa ya uzeeni haipaswi kuanza maisha yake mahakamani.

*

Swali linalokuja kabla ya chai kupoa ni hili: pesa hiyo iliyofungwa, inafanya nini huko ndani? Kwa mifuko ya Kenya jibu ni kwamba karibu nusu ya mali yake yote iko kwenye dhamana za serikali, zinazolipa riba. Mcha Mungu wa Garissa aliyekataa mkopo wa benki maisha yake yote anajiuliza kama uzee wake unalishwa na haramu. Mshauri anayelidharau swali hili, au anayelijibu kwa haraka ili auze, hafai.

Wanazuoni wengi hutofautisha kati ya mchango wa lazima, ambao mfanyakazi hana hiari nao na ambao malipo yake ni kama sehemu ya ujira kutoka kwa mwajiri, na mchango ambao mtu amechagua mwenyewe mahali pa kuuwekeza. Katika ule wa kwanza wengi wana unafuu. Katika wa pili, mtu anawajibika kwa alichochagua. Mshauri si mufti, na asijifanye. Kazi yake ni kumwonyesha mteja ni shilingi ipi iko upande gani, ili aende kwa sheikh wake na swali lililo wazi. Na kwa ile ya hiari, njia za halali zimeongezeka. Gulf African Bank na First Community Bank zilifungua milango mwaka 2008 zikiwa benki kamili za Kiislamu, na ya pili ikanunuliwa mwaka 2023 na Premier Bank kutoka Somalia. Mwaka huohuo soko la hisa la Nairobi lilipokea sukuk (hati fungani isiyo na riba) ya kwanza ya Kenya, iitwayo Linzi, yenye thamani ya shilingi bilioni 3, iliyolipia ujenzi wa nyumba. Mwenye sukuk hupata sehemu ya mapato ya nyumba zenyewe. Ipo pia mifuko ya uwekezaji iliyo chini ya bodi za wanazuoni. Uchaguzi ni mdogo kuliko wa mtu asiyejali riba, na gharama zake zichunguzwe kama za mfuko mwingine wowote. Neno halali juu ya bango halipunguzi ada.

Kinachoniuma ni wale ambao, kwa kuikimbia riba, wameacha kila kitu taslimu ndani ya sanduku au kwenye akaunti isiyozaa. Bei zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, kiwango ambacho Benki Kuu ya Kenya imekiweka kama shabaha, huongezeka mara mbili kwa takriban miaka 14. Aliyestaafu na 60 atafika 74 akiwa na nusu ya alichokuwa nacho, na hajatumia hata senti.

Nani basi anastahili kuitwa mshauri? Nchini Kenya, anayeshauri watu kuhusu uwekezaji anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wachambuzi wa uwekezaji wana taasisi yao, ICIFA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mifuko, mameneja na wasimamizi wa pensheni husajiliwa na mamlaka ya mafao ya uzeeni, RBA, iliyozaliwa na sheria ya 1997. Uliza namba ya leseni, kisha uliza analipwa na nani. Wakala wa bima anayelipwa kamisheni si mwizi, lakini hajawahi kumshauri mtu asinunue kitu. Anayelipwa ada na wewe mwenyewe ana sababu ya kukwambia ukweli, ingawa hata yeye si malaika. Tatizo kubwa zaidi ni wakati. Waajiri hupenda kuandaa semina ya siku mbili mwaka wa mwisho wa kazi, hotelini, na chakula cha mchana. Semina hiyo ingekuwa na thamani mara kumi kama ingefanyika mtu akiwa na 40. Tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa pensheni hadi shilingi 30,000 kwa mwezi hautozwi kodi ya mapato, kutoka 20,000 ya awali. Nafuu hiyo haimsaidii aliyebakiza miezi mitatu.

*

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kila mtu ana karatasi ya mshahara. Wengi wa Waberi hawana.

Wako waliofanya kazi za mkataba katika kambi za wakimbizi za Dadaab tangu zilipofunguliwa mwaka 1991: madereva, walinzi, wakalimani, wauguzi. Mshahara wao ulikuwa mzuri kuliko wa serikali, na mkataba ukiisha walilipwa kiinua mgongo kikaliwa kabla ya mkataba mwingine. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, wengi wa watu hao waligundua kwamba walikuwa wamestaafu bila kujua, wakiwa na miaka 45. Kwao mpango ulikuwa rahisi kuutaja na mgumu kuutekeleza: kila kiinua mgongo, hata nusu yake, kingehamishiwa pensheni ya binafsi kabla hakijagusa akaunti ya nyumbani.

Walioajiriwa na wafanyabiashara binafsi wana NSSF. Kwa miaka mingi makato yalikuwa shilingi 200 kwa mfanyakazi na 200 kwa mwajiri. Piga hesabu: 400 kwa mwezi kwa miaka 20 ni shilingi 96,000 kabla ya faida. Hiyo si pensheni, ni nauli. Sheria mpya ilipitishwa 2013, ikakwama mahakamani, na ikaanza kutekelezwa Februari 2023 baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa. Sasa kila upande hutoa asilimia 6 ya mshahara, kwa viwango vinavyopanda mwaka hadi mwaka. Mlinzi wa mshahara wa 30,000 anawekewa 3,600 kwa mwezi, mara tisa ya zamani. Amepunguziwa mkononi na analalamika, na mwajiri wake anatamani asimwandikishe. Cha kwanza ambacho mshauri angemwambia ni kuangalia kwa simu kama michango yake inafika kweli.

Na wako wasio na mwajiri: mama anayeuza maziwa ya ngamia, kijana wa tuktuk, mwalimu wa dugsi, yaani chuo cha Kurani. Mpango wa Mbao ulioanza 2011 uliwataka waweke shilingi 20 kwa siku. Haba Haba ya NSSF, iliyokuja 2019, huwataka 25. Shilingi 25 kila siku ni 9,125 kwa mwaka, na kwa miaka 30 ni 273,750 kabla ya faida. Si nyingi. Ila linganisha na Inua Jamii, ambapo serikali humpa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, zikifika, na utaona kwamba kiasi kidogo kikiungana na kingine huleta tofauti.

Kina mama wa maziwa, kusema kweli, ndio waliozielewa kufuli kabla ya sisi wote. Hagbad yao, mchango wa zamu, ni kufuli hiyo. Kila mmoja anatoa kila wiki, mmoja anapokea zote, na hakuna mume wala kaka anayeweza kuzigusa pesa zilizo mikononi mwa wanawake 15 wengine. Mshauri mwenye busara haji kuivunja hagbad ili awauzie mfuko. Anauliza zamu ikifika pesa inaenda wapi, na kama sehemu ya zamu moja kwa mwaka inaweza kwenda mahali ambapo haitarudi mpaka miaka 60.

Miaka 60 ya nani, lakini? Watu wengi wa kaskazini mashariki walizaliwa malishoni, bila cheti, na vitambulisho vyao vinasema 1 Januari ya mwaka fulani uliokisiwa na karani. Serikali hutumia tarehe ambayo mtumishi aliitaja alipoajiriwa mara ya kwanza. Kuibadilisha baadaye ni kama haiwezekani. Wako ndugu ambao mdogo anastaafu kabla ya mkubwa. Kisha kuna jina. Mohamed kwenye kitambulisho, Mohammed kwenye barua ya ajira, Muhamed benki, na jina la babu limeandikwa hapa na kuachwa pale. Kwa mkazi wa kaskazini, kupata kitambulisho chenyewe kulihitaji usaili mbele ya kamati, utaratibu ambao rais alitia saini kuufuta akiwa Wajir Februari 2025. Kwa hiyo kila herufi iliyokosewa ilirekebishwa kwa shida, au haikurekebishwa. Faili ya pensheni yenye majina matatu hukaa mezani Nairobi hadi mwenyewe asafiri. Mwaka mmoja kabla ya tarehe, mshauri hukaa na mteja, wakatandaza barua ya kwanza ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa daraja, namba ya kodi na kadi ya benki, wakatafuta herufi zinazogombana. Kazi hiyo haina sifa, na hakuna anayeiweka kwenye tangazo. Kama ningeruhusiwa kumlipa mshauri kwa jambo moja tu, ningemlipa kwa hilo.

Linabaki suala la kifo, ambalo watu huliahirisha kwa kusema inshallah. Sheria ya mafao ya uzeeni inasema fedha za marehemu zilizo ndani ya mfuko si sehemu ya mirathi. Wadhamini wa mfuko huzilipa kwa kufuata kanuni zake na fomu ya wanufaika aliyoijaza. Ng'ombe, ploti na akaunti ya benki hupita kwa kadhi, ambako, tangu marekebisho ya 1990, Waislamu wa Kenya hawafuati sheria ya kawaida ya mirathi bali ile ya dini yao: wake wote kwa pamoja thumuni ikiwa kuna watoto, mwana wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Mali ya mtu mmoja inatoka kwa milango miwili, na mara nyingi milango haikubaliani. Tuseme fomu ya marehemu ilijazwa mwaka 1996, akiwa kijana, na ina jina la mama yake aliyekwisha kufa na la mke wa kwanza. Mke wa pili na watoto wake wanne hawamo. Wako masheikh wanaoona kwamba aliyetajwa kwenye fomu ni mpokeaji tu na lazima awagawie warithi. Wengine wanaona ni haki yake. Familia huanza kubishana jambo hilo tanga likiwa halijaisha.

Mjane wa mfumo wa zamani ana jingine la kujua: malipo ya wategemezi baada ya mstaafu kufariki hudumu miaka 5. Mke aliye na miaka 40 mumewe akifa na 65 atafika 45 malipo hayo yakiwa yamekoma, na mtoto wa mwisho pengine bado hajamaliza sekondari. Kwa nyumba kama hiyo, sehemu ya ule mkupuo ingepaswa kuwekwa kwa jina la mke tangu mwanzo, ikiwa zawadi iliyokabidhiwa mume akiwa hai na akili timamu, mbele ya mashahidi. Na fomu ya wanufaika ijazwe upya baada ya kila ndoa, kila talaka na kila mazishi, wake wote wakijua ina nini. Hailipiwi chochote, na ya mwisho hufuta zote zilizotangulia.